Dawa mpya ya lupus imefaulu kwa kipimo kipi, na kwenye mwili wa nani?

Agosti 2018 kampuni ya AstraZeneca ilitangaza kwamba dawa yake ya anifrolumabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima wenye lupus, imegonga mwamba. Katika jaribio lililoitwa TULIP-1, baada ya mwaka mzima wa dripu, asilimia 36 ya waliopewa dozi ya juu walihesabiwa kuwa wamepata nafuu. Waliopewa plasibo, yaani dripu isiyo na dawa yoyote ndani, walikuwa asilimia 40. Ukisoma namba hizo peke yake unafunga daftari na kuondoka.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2019, kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba jaribio la pili, TULIP-2, limefaulu. Dawa ileile, dozi ileile ya miligramu 300 kila baada ya wiki nne, wagonjwa wa aina ileile. Safari hii asilimia 47.8 ya waliopewa dawa walipata nafuu, dhidi ya asilimia 31.5 wa plasibo. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaipitisha, na leo inauzwa kwa jina la Saphnelo.

Habari za namna hii zinapofika kwenye makundi ya WhatsApp ya wagonjwa wa Dar es Salaam au Nairobi, huwa zimeshakatwa vipande. Kuna anayetuma "dawa ya lupus imepatikana", na mwezi ujao mwingine anatuma "dawa imeshindwa". Wote wawili wanaweza kuwa wanazungumzia dawa moja. Msimamo wangu ni huu: jaribio la dawa ya lupus halisomeki kwa kuuliza kama dawa imepita au imeanguka. Lazima uulize imepimwa kwa kipimo gani, na imepimwa kwa watu gani. Na kwa maswali yote mawili, sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu za kuuliza kwa sauti kubwa kuliko tunavyouliza sasa.

Kwa ambaye hajakutana na ugonjwa huu: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mwezi huu vidole vimevimba, mwezi ujao upele umetanda mashavuni na juu ya pua, mwakani figo zinavuja protini. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Ugonjwa hupanda na kushuka bila kumuaga mtu, na ni vigumu kupata wagonjwa wawili wanaofanana. Presha unaipima kwa mashine, sukari kwa tone la damu. Lupus haina namba moja ya kuipima, na hapo ndipo watafiti wanapoanza kutoka jasho.

Walichofanya ni kubuni fomu. Inayotumika sana inaitwa SLEDAI. Ina vipengele 24 na kila kimoja kina pointi zake. Degedege linalotokana na lupus ni pointi 8. Viungo viwili au zaidi vyenye maumivu na uvimbe, pointi 4. Protini nyingi kwenye mkojo, 4. Upele 2, nywele kunyonyoka 2, vidonda mdomoni 2, homa 1. Daktari anaweka alama ya vema mbele ya kila kilichopo, anajumlisha. Ili mgonjwa aandikwe kwamba amepata nafuu kwa kipimo kinachoitwa SRI-4, jumla yake lazima ishuke kwa pointi 4 au zaidi, pasipo kiungo kingine cha mwili kuanza kuharibika na pasipo daktari kuona kwamba hali ya jumla imezorota.

Sasa mchukue mwanamke wa miaka 29 anayeingia kwenye jaribio akiwa na viungo vinane vilivyovimba, upele kuanzia usoni hadi kifuani, na vidonda mdomoni. Viungo ni pointi 4, upele 2, vidonda 2: jumla 8. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya blauzi wala kushika mwiko. Baada ya mwaka wa dripu, viungo vilivyovimba vimebaki viwili, upele umebaki alama ndogo karibu na sikio, vidonda vimekwisha. Anapika mwenyewe, anampeleka mtoto shule, amerudi kazini. Fomu inasemaje? Viungo viwili bado ni pointi 4. Upele, hata ukiwa wa ukubwa wa kucha, bado ni pointi 2. Kilichofutika ni pointi 2 za vidonda tu. Ametoka 8 amefika 6, haikutosha, anaandikwa kwamba dawa haikumsaidia. Ni kama duka lenye jiwe moja tu la kilo: ukija na nusu unaambiwa hujaleta kitu.

Kuna fomu nyingine, BILAG, iliyozaliwa Uingereza, ambayo hugawanya mwili katika mifumo tisa na kuupa kila mmoja herufi: A kwa ugonjwa mkali, B kwa wa wastani, C kwa mdogo, na kuendelea. Hii humwona mtu aliyetoka kwenye ukali akaja kwenye uafadhali. Kipimo kilichojengwa juu yake, BICLA, ndicho kilichotumika kuamua matokeo ya TULIP-2. Watafiti walikibadilisha kabla ya kufungua siri ya nani alipewa dawa na nani plasibo, na hilo ni jambo la msingi. Ukibadilisha kipimo baada ya kuona majibu, unakuwa umehamisha magoli mpira ukiwa wavuni. Wao walibadilisha kipimo wakati matokeo yakiwa bado yamefungwa, na FDA ikakubali.

Lakini nisije nikamtupia SLEDAI lawama zote, kwa sababu ukweli una mikunjo zaidi. Katika TULIP-2, hata SRI-4 ileile ilionyesha dawa inafanya kazi: asilimia 55.5 dhidi ya 37.3. Na katika TULIP-1, jaribio "lililoshindwa", ukitumia BICLA unapata asilimia 37 kwa dawa na 27 kwa plasibo. Zaidi ya hapo, TULIP-1 ilikuwa na kanuni kali kuhusu dawa zilizokatazwa. Mgonjwa aliyetumia baadhi ya dawa za kawaida za maumivu, za jamii ya ibuprofeni, kinyume na kanuni hiyo, alihesabiwa moja kwa moja kwamba tiba haikumsaidia, hata kama alizinywa kwa maumivu ya kichwa ya siku chache. Wataalamu walipoipitia upya walikiri kwamba kanuni hiyo haikustahili kutumika hivyo. Hata ilipolegezwa, SRI-4 ya TULIP-1 haikuvuka mstari. Ninachokiona hapo ni chombo cha kupimia kinachotikisika. Kinapotikisika, dawa nzuri inaweza kuanguka, na dawa dhaifu inaweza kubahatisha.

Anifrolumabu haiko peke yake. Barisitinibu, kidonge kinachotumika kwa baridi yabisi, kilijaribiwa kwa lupus katika majaribio mawili ya aina moja. La kwanza lilitoa asilimia 57 dhidi ya 46 za plasibo. La pili, 47 dhidi ya 46. Januari 2022 kampuni iliyokuwa ikikiendeleza ikaachana na lupus. Nayo dawa ya rituksimabu ilijaribiwa kwa wagonjwa 257 katika jaribio la EXPLORER, matokeo yakachapishwa mwaka 2010: hakuna tofauti. Hata hivyo nenda hospitali kubwa yoyote duniani inayotibu lupus, utawakuta madaktari wanaitumia rituksimabu kwa wagonjwa walioshindikana, kwa sababu wameona kwa macho yao watu wakiinuka. Je, madaktari hao wanajidanganya? Sidhani. Katika EXPLORER wagonjwa wa pande zote mbili walipewa pia steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kushusha kinga, kwa dozi kubwa, hadi miligramu moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili, juu ya dawa nyingine za kushusha kinga. Ukimmwagia kila mtu steroidi kiasi hicho, kila mtu atapata nafuu kwa muda, na tofauti uliyokuwa unaitafuta inazama.

Hili la pande zote mbili kupata nafuu linahitaji kuelezwa, maana wengi hushangaa: iweje asilimia 40 ya watu waliopewa maji matupu wapone? Hawakupewa maji matupu. Hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu mgonjwa wa lupus aachwe mwaka mzima bila tiba. Dawa mpya huongezwa juu ya zile ambazo mtu anazitumia tayari: haidroksiklorokwini, prednisoloni, pengine azathioprini au mikofenoleti. Aliye upande wa plasibo anaendelea nazo zote. Zaidi ya hapo, kila baada ya wiki nne anaonana na daktari asiye na haraka, anapimwa damu na mkojo bila kulipa, anaulizwa kama amemeza vidonge vyake, na vidonge vyenyewe vipo. Yeyote anayezijua kliniki zetu, foleni ya saa nne na karatasi ya "dawa hii kanunue nje", anaelewa mara moja kwa nini mtu kama huyo anapata nafuu. Kwangu mimi, asilimia ile ya plasibo ni somo la bure kuhusu kile ambacho huduma ya kawaida ingeweza kufanya kama ingekuwepo.

Basi kama fomu zinatikisika, tupime nini? Waulize wenye ugonjwa. Mara nyingi watakuambia wanataka kuachana na prednisoloni.

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, ni mwokozi. Mgonjwa anayeletwa amebebwa, ndani ya siku chache anatembea. Ni ya bei ndogo na inapatikana hadi kwenye maduka ya dawa ya vichochoroni. Kisha inaanza kudai malipo. Mashavu yanajaa, tumbo linatoka, usingizi unapaa. Mtaani watu wanampongeza: "Umenawiri kweli siku hizi!" naye anatabasamu kwa sababu atamweleza nani kwamba huo ni uvimbe wa dawa. Miaka ikisonga inakuja sukari, presha, mtoto wa jicho, mifupa kuwa laini, na kwa wengine kichwa cha mfupa wa nyonga kufa kwa kukosa damu, binti wa miaka 30 anatembelea fimbo. Sehemu kubwa ya ulemavu wa kudumu tunaouona kwa watu walioishi na lupus muda mrefu umetokana na steroidi zilezile zilizowaokoa. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2023 unataka dozi ya kila siku ya muda mrefu isizidi miligramu 5, na ikiwezekana iachwe kabisa.

Kwa hiyo namba iliyonivutia zaidi katika TULIP-2 haikuwa ile ya BICLA. Ilikuwa hii: kati ya wagonjwa walioanza wakiwa wanatumia steroidi za miligramu 10 au zaidi kwa siku, asilimia 51.5 ya waliopewa dawa waliweza kushuka hadi 7.5 au chini yake na kubaki hapo. Wa plasibo walikuwa asilimia 30.2. Hiyo ni namba ambayo mgonjwa anaielewa bila kufundishwa fomu. Ningependa kuona kila jaribio la dawa ya lupus linaiweka mbele, likiwalazimu watafiti kupunguza steroidi kwa ratiba inayofanana kwa wote, kisha lihesabu nani alibaki mzima. Na lisiishie wiki ya 52. Figo hazifi ndani ya mwaka mmoja. Mgonjwa aliyegunduliwa akiwa na miaka 22 ana miaka 40 mbele yake ya kuishi na maamuzi yaliyotokana na jaribio la miezi kumi na miwili.

Kipimo kikali kuliko vyote kimetoka Erlangen, Ujerumani. Huko kundi linaloongozwa na Georg Schett limekuwa likichukua chembe za kinga za mgonjwa, kuzibadilisha maabara ziwinde chembe zinazotengeneza kingamwili mbovu, na kumrudishia. Februari 2024 walichapisha matokeo ya watu 15, wanane kati yao wakiwa na lupus kali. Wote wanane ugonjwa ulitulia, na wote waliacha steroidi na dawa nyingine zote za kushusha kinga. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na watu wanane ni wachache mno kujenga sera juu yao. Majaribio makubwa zaidi yanaendelea. Ila angalia ubora wa swali lililoulizwa: je, unaishi bila dawa? Ndiyo au hapana. Anayesambaza habari hiyo kwenye makundi aongeze tu kwamba ni tiba ya maabara za hali ya juu, ya gharama ambayo bima zetu hazijaigusa hata kwa magonjwa ya saratani.

Nimefika kwenye swali la pili, na hili linaniuma zaidi.

Machi 2011 FDA iliidhinisha belimumabu, Benlysta kwa jina la dukani. Ilikuwa dawa mpya ya kwanza ya lupus kuidhinishwa baada ya miaka 56, na ilistahili kushangiliwa. Ilikuwa imejaribiwa kwa karibu watu 1,700 katika majaribio mawili makubwa. Kati ya watu hao, weusi walikuwa 148 tu. Na walipotazamwa peke yao, waliopewa plasibo walipata nafuu kwa asilimia 44, waliopewa dozi iliyokuja kuidhinishwa asilimia 36. Yaani kwa kundi ambalo lupus hulipiga kwa nguvu zaidi, ambalo figo zake huharibika mapema zaidi, dawa ilionekana, kwa namba zile chache, kama haisaidii. Labda ilikuwa bahati mbaya ya hesabu. Watu 148 wakigawanywa mara tatu wanabaki kama 50 kila upande. FDA ikaiagiza kampuni ifanye jaribio jingine la watu weusi peke yao. Likaitwa EMBRACE. Matokeo ya watu 448 yalikuja kutoka takriban muongo mmoja baada ya dawa kuingia sokoni: asilimia 48.7 kwa dawa, 41.6 kwa plasibo. Mwelekeo ulikuwa mzuri, tofauti haikutosha kuthibitisha kitakwimu.

Miaka kumi. Muda wote huo daktari wa Atlanta au London aliyekaa mbele ya mgonjwa mweusi alikuwa akiandika dawa kwa kukisia. Uchambuzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliopitia majaribio ya lupus ya miongo miwili, ulikuta kwamba Wamarekani weusi ni asilimia 43 ya wagonjwa wa lupus nchini humo lakini ni asilimia 14 tu ya walioingizwa kwenye majaribio. Hiyo ni nchi yenye hospitali kila kona. Fikiria Singida.

Kwetu tatizo lilianza mapema zaidi, kwa kuambiwa kwamba ugonjwa wenyewe hatuna. Kwa miaka mingi maandiko ya kitabibu yalisema lupus ni nadra Afrika kusini mwa Sahara, ilhali hayohayo yalisema watu wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Uingereza wanaugua kuliko weupe. Maelezo mengi yalitolewa. Mimi naamini sehemu kubwa ni rahisi: hatukuwa tunapima. Mgonjwa wa homa na viungo hutibiwa malaria, akarudi akatibiwa taifodi, akapelekwa kwenye maombi, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, na akifika kwa bingwa wa magonjwa ya viungo, ambao nchi nzima wanahesabika, figo zimeshaanza kuchoka. Wengine hawafiki. Aliyekufa bila jina la ugonjwa haingii kwenye takwimu za mtu yeyote.

Na kuna mambo ambayo jaribio la ng'ambo haliwezi kutujibia hata likiwajaza watu weusi wote wa Marekani. Kifua kikuu ni la kwanza. Tanzania na Kenya zimekuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Dawa mpya za lupus hushusha kinga, na majaribio yake huwachuja kwa makini wenye kifua kikuu, kilichoamka na kilicholala. Kilichobaki ni takwimu za usalama za watu ambao hawafanani na wale wanaosubiri dawa hapa. Katika TULIP-2 waliopata mkanda wa jeshi walikuwa asilimia 7.2 upande wa dawa na 1.1 upande wa plasibo. Huko mkanda wa jeshi unatibiwa, unapita. Hapa kwetu mtu akiota mkanda wa jeshi, jirani wanaanza kunong'ona kuhusu virusi vya UKIMWI, na kliniki itampima hivyo kwanza. Nani amehesabu gharama hiyo?

La pili ni ujauzito. Ugonjwa ni wa wanawake wa umri wa kuzaa, lakini anayejiunga na jaribio hutakiwa kuzuia mimba, na akishika mimba dawa inasimamishwa. Inaeleweka, hakuna anayetaka kumdhuru mtoto. Matokeo yake ni kwamba dawa inaingia sokoni bila mtu kujua vizuri cha kumwambia mwanamke wa miaka 26 anayetaka mtoto, katika jamii ambayo ndoa yake inaweza kuvunjika kwa kukosa mtoto. Mikofenoleti tunajua inaharibu mimba. Kwa dawa mpya, mara nyingi jibu ni kwamba ushahidi bado hautoshi, na jibu hilo halimsaidii mtu aliyeshika kadi ya kliniki mkononi.

Watu wenye akili timamu watanipinga hapa. Watasema: unataka makampuni ya dawa yaje kutufanya panya wa majaribio? Hofu hiyo ina historia na siidharau. Watafiti wamewahi kuja Afrika, wakachukua damu, wakapata majina makubwa, wakaondoka. Lakini tusijifanye kwamba majaribio ni mgeni kwetu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Kombewa na Siaya, miongoni mwa vituo 11 vya nchi saba za Afrika. R21 nayo ikapita Bagamoyo na Kilifi, katika jaribio la watoto 4,800. Tuna maabara zilizozoea kazi hiyo, wauguzi wanaojua kukaa na mama na kumweleza fomu ya ridhaa sentensi kwa sentensi, kamati za maadili, na mamlaka kama TMDA ya Tanzania na bodi ya dawa na sumu ya Kenya zinazojua kusoma maombi ya utafiti. Ujuzi upo, na umejengwa kwa magonjwa ya kuambukiza. Kwa lupus haujaitwa.

Kwa nini haujaitwa? Soko. Dawa hizi za dripu ni ghali kiasi kwamba kampuni haioni mnunuzi hapa, na mahali pasipo na mnunuzi hawaoni sababu ya kufungua kituo cha utafiti. Hapo ndipo sharti letu linapaswa kuwa gumu. Azimio la Helsinki, ambalo ndilo msingi wa maadili ya utafiti duniani, linataka ipangwe kabla ya jaribio kuanza jinsi washiriki watakavyoendelea kupata tiba iliyowasaidia baada ya jaribio kuisha. Kampuni ikija na dawa ya lupus, swali la kwanza la mdhibiti liwe hilo, na jibu liandikwe kwenye fomu ambayo mgonjwa anatia saini, kwa Kiswahili kinachoeleweka: dripu yako ya wiki ya 56 italipwa na nani? Pasipo jibu, maombi yarudishwe. Mtu aliyeinuliwa kitandani kwa mwaka mmoja kisha akaachwa aanguke ametumiwa, hata kama alitia saini kwa hiari.

Wakati huohuo, yapo majaribio ambayo hayahitaji kampuni yoyote, na nadhani tumeyapuuza kwa sababu hayana mng'ao. Mwaka 1991 watafiti wa Canada waliuliza swali dogo: mgonjwa aliyetulia akiwa kwenye haidroksiklorokwini, akiiacha itakuwaje? Walichukua watu 47 tu. Wengine wakaendelea nayo, wengine wakabadilishiwa plasibo bila kujua, wakafuatiliwa kwa miezi sita. Walioachishwa walikuwa na hatari ya ugonjwa kulipuka mara 2.5 zaidi. Watu 47, kidonge cha bei ya chini, na hadi leo kila daktari wa lupus duniani anafuata jibu hilo. Mwaka 2020 hospitali ya Pitié-Salpêtrière ya Paris ilichapisha jibu la swali jingine la aina hiyo: mgonjwa aliyetulia kwa miligramu 5 za prednisoni, ndugu wa prednisoloni, kwa siku, aachishwe au aendelee? Watu 124. Walioachishwa, asilimia 27 ugonjwa ulilipuka ndani ya mwaka. Walioendelea, 7.

Maswali kama hayo tunayo tele, na hakuna atakayekuja kutuulizia. Mgonjwa mwenye kifua kikuu kilicholala, anayeanza prednisoloni ya dozi kubwa kwa sababu figo zake ziko hatarini, kinga ya isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, inamsaidia kiasi gani? Prednisoloni ikipunguzwa haraka zaidi kuliko tunavyozoea, wangapi watarudi wodini? Mgonjwa wa Mtwara anayekuja kliniki kila baada ya miezi minne kwa sababu ya nauli, akipigiwa simu na muuguzi kila mwezi na kutumiwa vidonge kwa basi, figo zake zitadumu zaidi? Hilo la mwisho kwangu ni jaribio la tiba sawasawa na lile la dripu ya maelfu ya dola, na namba za plasibo tulizoziona zinanipa kila sababu ya kuamini kwamba linaweza kutoa jibu kubwa.

Kinachotakiwa kwanza ni kujua wagonjwa wako wapi na wana hali gani. Muhimbili, Kenyatta na Mulago zikubaliane daftari moja la lupus: umri, mwaka wa kugunduliwa, hali ya figo, dozi ya prednisoloni, mimba ngapi na zilivyoisha, kifua kikuu kimewahi kuwepo au la. Vikundi vya wagonjwa viwe mezani tangu siku ya kupanga maswali, maana wao ndio wanaojua ni kipimo gani kinagusa maisha yao. Kampuni itakayokuja baadaye na dawa mpya iikute orodha hiyo, na ikute masharti yetu yameandikwa tayari. Daftari halihitaji kusubiri dawa yoyote mpya, na taarifa zake nyingi zimo kwenye mafaili ambayo makarani wa kliniki hizo wanayatoa kabatini kila wiki.